Fataki zilizotolewa kwenye maganda ambayo hayajapigwa: zinarudishwa au zinatupwa?

MlimaMuhavura, Kisoro

Wakubwa, salaam. Stoo ya kampuni ya uwindaji yenye vibali ina risasi 60 za .308 Winchester zilizojazwa kwa mkono. Rekodi ya kipimo cha baruti haipo, na maganda 14 yana nyufa shingoni. Vichwa vitang'olewa na baruti haitatumika tena, hapo hakuna mjadala. Swali langu ni fataki, vile vikombe vidogo vya kitakoni mwa ganda vyenye unga wa kuwasha baruti. Kuzipata Uganda ni kazi, na hizi bado ni nzima. Nikizisukuma nje kwa presi ya kawaida, ile mashine ya mkono ya kujazia risasi, zinaweza kuingia kwenye maganda mengine zikawaka vizuri? Au nizihesabu kuwa zimekufa?

AfandeMstaafu

Kabla ya presi, makaratasi. Kibali cha kumiliki bunduki hakikupi ruhusa ya kutengeneza risasi. Sheria ya Silaha ya 1970 inayachukua hayo kama mambo mawili tofauti. Nenda kwa ofisa wa polisi anayeshughulikia vibali, umweleze kazi yote ikiwemo ya kuvunja hizo 60, upate jibu la maandishi. Fataki nazo zikae chini ya kufuli na ziandikwe daftarini kama risasi.

FundiMasindi

Afande amesema la kwanza. Ruhusa ikiwepo, endelea hapa.

Ssebo, kwanza gawa maganda yako. Yale 46 ambayo hayana ufa, fataki yake usiiguse. Ng'oa kichwa, mwaga baruti, fungua dai, yaani kalibu ya presi inayorudisha ganda kipimo chake, utoe ile pini ya kusukumia fataki, halafu pitisha ganda kama kawaida. Shingo inarudi kipimo chake huku fataki imetulia pale pale. Kwa hiyo fataki unazozungumzia ni 14 tu.

Hizo 14 zinatoka, na kwa kawaida haziwaki zikitolewa taratibu. Unga wa fataki unashtuka kwa pigo la haraka, ule mchomo wa pini ya bunduki. Mkono wa presi ukishuka polepole hauna kasi hiyo. Ila usijidanganye kwamba ni salama kabisa. Pini ya dai inaingia kwa tundu la moto na kukanyaga fuawe, yaani kile kichuma chenye miguu kilicho ndani ya fataki. Fuawe nayo inaukandamiza unga dhidi ya kikombe mpaka kikombe kilegee. Kikombe kikikataa kutoka, nguvu yote inaishia kwenye unga. Ndiyo maana mkono ukihisi ugumu usio wa kawaida unaacha, huongezi nguvu.

Utaratibu: miwani ya kinga na vifuniko vya masikio. Mulika tochi ndani ya kila ganda uhakikishe hamna punje ya baruti iliyonasa. Ondoa makopo yote ya baruti mezani. Safisha njia ya kuangukia fataki zilizotumika, maana pale pana mchanga na masizi. Uso wako usikae juu ya presi wala mbele ya njia hiyo. Toa moja, iokote, iweke kwenye trei yake, ndipo ushike ganda linalofuata. Zikirundikana chini ya presi na moja ikashtuka, zote zinaondoka pamoja.

Kyoga_3006

Nakubaliana na Fundi, lakini angalia kitako cha ganda kabla hujaanza. Kama ni ganda la kijeshi la 7.62 NATO, lenye alama ya msalaba ndani ya duara na mzingo wa fataki umegongwa kuibana, usiitoe ikiwa hai. Hapo kikombe kimeshikwa na chuma, na kinachotokea ndicho alichoeleza Fundi: fuawe inaponda unga kabla kikombe hakijasogea.

Pia kuna maganda ya Berdan. Ukimulika ndani unaona matundu mawili madogo badala ya moja la katikati, na fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe. Pini ya dai itavunjika au kupinda. Hayo yaache kabisa.

NnyaboWaJinja

Ninyi mnaongea kuzitoa, yeye ameuliza kama zitawaka. Zitawaka, karibu zote. Tatizo ni usawa. Fataki inapowekwa mara ya kwanza miguu ya fuawe inagusa sakafu ya kishimo na kuubana unga kiasi. Ukiisukuma kutoka nyuma fuawe inaweza kusogea, na kipande cha unga kinaweza kupata ufa au kumeguka. Matokeo yake moja inawaka sawa, nyingine inawaka kwa kuchelewa, nyingine inanyamaza. Hizo ni za kujifunzia kulenga kwenye uwanja wa shabaha. Kuzipeleka porini zikutane na nyati ni upumbavu, samahani kusema.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa: rekodi haipo, kwa hiyo hujui fataki ni za kawaida au za magnum, zile zenye moto mkali zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Fataki kali zaidi inapandisha shinikizo kwa baruti ile ile. Hata zile 46 ambazo Fundi kasema uziache ndani zina shida hiyo hiyo. Zijaze kwa kipimo cha kuanzia cha kitabu cha vipimo, si kile cha juu, na usipande kutoka hapo.

MlimaMuhavura, Kisoro

Asanteni sana. Maganda ni ya kiraia, tundu ni moja. Nitajuaje ipi ya kurudisha na ipi ya kuacha? Na zikae wapi kwa sasa? Kuna kichupa cha dawa kikavu hapa.

FundiMasindi

Kichupa hapana! Fataki zilizolegea ndani ya chupa zinagongana, na moja ikiwaka chupa nzima ni bomu la mkononi. Hasa kama unafikiria kuisafirisha kwa boda kwenye barabara zetu. Trei ya plastiki ya kiwandani, kila moja kwenye shimo lake. Kama hakuna trei, ziache ndani ya maganda yake mpaka ipatikane.

Kuchagua: ishike kwa kibano cha plastiki na uangalie upande wa fuawe. Fuawe iwe katikati, imelala sawa, haichezi. Kikombe kiwe mviringo, bila kukwaruzwa ukingoni. Ukiona unga umemeguka, au fuawe imeinama au imedondoka, hiyo usirudishe. Usijaribu kuinyoosha fuawe.

Kurudisha ni kwa kifaa cha mkono, moja moja, si kwa mrija wa presi inayojilisha yenyewe. Ikae chini ya usawa wa kitako kwa milimita 0.08 hadi 0.13. Pitisha kidole: ukihisi imejitokeza hata kidogo, hiyo risasi haiingii chemba. Kwenye bunduki inayojipakia yenyewe, fataki iliyojitokeza inaweza kupigwa na boliti kabla ya kufunga. Ikiwa imeingia na kukwama juu, usiirudie kwa nguvu. Na usisafishe ganda lenye fataki hai kwenye mashine ya kuzungusha.

Kyoga_3006

Uwanjani, ukivuta kifyatuo na kukawa kimya, mtutu ubaki kwenye shabaha na uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua boliti. Inayochelewa haina adabu.

MlimaMuhavura, Kisoro

Na zilizokataliwa? Kuna mtu hapa anasema ziloweke kwenye mafuta ya injini usiku mmoja halafu zitupwe.

NnyaboWaJinja

Mafuta hayaaminiki. Nyingi zina laka juu ya unga, na iliyoloweshwa maji inaweza kukauka ikarudi kuwa hai. Ukizitupa zitafika kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, na sote tunajua takataka zinachomwa jioni huku watoto wamezunguka moto. Ziandike daftarini kwa idadi na zirudi kwa afande yule yule wa vibali.

Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chai. Unga wa fataki nyingi una risasi, ile metali yenye sumu, na masizi yanashika vidoleni.