Kuchaji laptop ndogo kwa sola na kushika mtandao kijijini: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu, nipo Kondoa vijijini, na nyumbani kwangu umeme wa gridi haujafika. Nina laptop ya mtumba ya inchi 11.6, paneli ya wati 50 na betri ya ampea-saa 40. Mwaka mzima nilichajia kwa inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Ikifika saa tatu usiku inaanza kulia, nazima taa, na madaftari niliyokuwa nayasahihisha yanalala hivyo hivyo.

Likizo ya Juni nikaazima mita kwa fundi redio na kuiunganisha kwenye waya wa betri. Inveta ikiwa imewashwa tu, bila mzigo wowote, ilikula ampea 0.6. Nilipochomeka laptop iliyojaa chaji na kuandika kawaida, jumla ikafika 1.8. Nilishtuka kweli. Ukifuatilia njia ya umeme utaona sababu: betri inatoa volti 12 za DC, inveta inazipandisha hadi 230 za AC, halafu chaja ya laptop inazishusha tena hadi 19 za DC. Kila kituo kinachukua ushuru wake kama joto.

Nikanunua kibao kidogo cha kielektroniki cha kupandisha volti, nikakiseti 19 kwa mita kabla ya kuchomeka chochote, plagi nikaikata kwenye chaja iliyokufa. Mzigo ukashuka hadi 1.1. Paneli yangu siku ya jua zuri inaingiza kama ampea-saa 14. Saa sita za laptop zilikuwa zinanimalizia karibu 11, sasa hazifiki 7. Hicho kilichobaki ndicho taa mbili na simu za nyumba nzima.

Mtandao ndio bado unanitesa. Ndani napata kijiti kimoja, usiku hata hicho kinapotea. Aliyefanikiwa atueleze, na aliyeunguza kitu pia atueleze kiliunguaje.

Kutoka Sengerema:
Mwalimu, asante kwa uzi huu. Mimi niliunguza. Niliunganisha kibao kama chako gizani, nikageuza chanya na hasi. Moshi ulitoka kabla sijaondoa mkono. Tangu siku hiyo naweka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, na waya wa chanya nauzungushia utepe mwekundu pande zote mbili.

Jambo la pili: plagi yenye kipini chembamba katikati si ya kuchezea. Kipini kile ndicho kinachoiambia laptop imechomekwa chaja gani. Ukipeleka volti 19 tupu, laptop inawaka lakini betri yake haipandi hata asilimia moja, nami nilihangaika wiki mbili nikidhani betri imekufa. Laptop za Type-C ni nafuu zaidi: chaja ya gari ya PD (Power Delivery, inayopatana na laptop volti inayohitajika) ya wati 45 au 65 inamaliza kazi.

Kutoka Kigali:
Ndugu zangu, mnanikumbusha zile laptop za XO za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC (One Laptop per Child, laptop moja kwa kila mtoto), zilizogawiwa kwa wingi katika shule za huku Rwanda. Nilifundishia hizo. Tundu lake la chaji linapokea volti 11 hadi 18, kwa hiyo betri ya gari iliingia moja kwa moja bila kibao. Ukizima taa ya skrini ukatoka juani, maandishi yanasomeka vizuri, meusi kwa kijivu. Na yale masikio mawili ndiyo antena: zilishikana zenyewe kwa zenyewe, moja ikimpasia jirani yake mawasiliano. Tulikaa chini ya mti, watoto wakachora picha moja kwa pamoja bila intaneti. Nazililia mpaka leo.

Kutoka Lodwar:
Mwalimu, kinachokuzuia ni mabati. Mimi niliitoa modemu nje, nikaifunga juu ya mlingoti wa mti ndani ya chupa ya plastiki iliyopinduliwa, mdomo chini ili maji yasikae. Waya wa USB usizidi mita 5, ukizidi modemu inajizima na kuwaka. Kutoka kijiti kimoja nikapata vitatu.

Pia iambie laptop kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo masasisho ya Windows yatakumalizia bando usiku mmoja. Kwa wanafunzi, pakua Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti) na Wikipedia ya Kiswahili mara moja ukiwa mjini, kisha wasome bila bando.

Mwalimu, Kondoa:
Nimerudi, wakuu. Chupa ipo juu ya mlingoti tangu juzi na sasa nashika vijiti viwili, 4G. Nilipopanda kuifunga nikaipangusa na paneli, ilikuwa na vumbi jekundu la kiangazi chote. Saa sita mchana, jua lile lile: kabla ampea 2.1, baada ya kitambaa chenye maji 2.6. Wa Sengerema, hiyo fyuzi yako ni ya kioo au ya gari? Jumamosi nashuka mjini.