Pesa za Inua Jamii: nani ashike namba ya siri ya mama?

Binti wa Ahero: Mama ana miaka 78, hupokea zile Sh2,000 za mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee. Juzi ziliingia kwenye simu yake za miezi miwili, Sh4,000. Akaenda kuzitoa sokoni, akarudi na Sh2,800. Namba yake ya siri imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la majani chai, amekifunga pamoja na kitambulisho kwenye pindo la leso. Macho hayaoni vizuri, basi kila anayemsaidia hupewa asome. Nasema jamaa wasiguse kabisa pesa za wazee. Kwenu mnafanyaje?

Fundi wa Bahati: Anza na ajenti wa pesa za simu. Huku Nakuru kuna mmoja alikuwa akidai Sh200 kwa kila mzee, eti za kazi. Ada ya kutoa hukatwa kwenye simu yenyewe, hana haki ya noti mkononi. Soma ujumbe uone zilitolewa ngapi.

Kijana Kondele: Nyinyi mlioko Nairobi mnajua kuuliza pesa tu. Mama anakula nini?

Binti wa Ahero: Nani kakwambia niko Nairobi? Niko Kisumu, na natuma kila mwezi!

Mke wa Nyando: Kutuma si kukaa naye. Nimeishi na mama mkwe miaka 9. Nilitoa Sh600 zake: omena, sabuni, bodaboda ya kliniki. Wifi zangu wakaniita mwizi mbele ya mzee wa kijiji. Mimi ndiye ninayemwogesha.

Mwalimu Mstaafu: Pole, mama. Lakini ulimwambia kabla ya kutoa? Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee aishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na familia imetajwa kwenye kumtunza. Haijasema mtunzaji ajilipe.

Mke wa Nyando: Nijilipe? Omena nilikula peke yangu? Na nimwambie vipi mtu asiyekumbuka kama amekunywa uji? Mwalimu, wewe wako anaogeshwa na nani?

Mwalimu Mstaafu: Mke wangu.

Kijana Kondele: Si mmeona!

Fundi wa Bahati: Dada wa Ahero, ule ujumbe?

Binti wa Ahero: Nimempigia wifi asome. Anasema umefutwa. Mama hajui kufuta ujumbe.

Mke wa Nyando: Wifi tena. Ajenti aliishika simu hiyo, mpita njia aliishika, lakini mwizi ni wifi. Njoo Jumamosi ukae naye wewe.