UKOO WA MZEE SELEMANI, UJIJI

*Dada Mwaju, 18:41*
Assalamu alaikum wanafamilia. Mliopigiwa simu leo kuwa mamdogo Zena anadaiwa mkopo wa mtandaoni, hajakopa. Kuna laini imesajiliwa kwa NIDA yake, ndiyo iliyokopa. Msilipe hata mia.

*Dada Mwaju, 18:52*
Naona tiki za bluu tu

*Hamisi Kibirizi, 18:58*
Mimi nishalipa 😅

*Dada Mwaju, 18:58*
Hamisi!!! Shilingi ngapi?

*Hamisi Kibirizi, 19:01*
Natania bwana. Mbalamwezi hii dagaa wenyewe hawapo, nitoe wapi

*Dada Mwaju, 19:04*
Huu si utani. Kila mtu apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Kesho mamdogo anaanza polisi, apewe RB (namba ya taarifa ya polisi), kujifanya mtu mwingine ni kosa, ipo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Halafu duka la mtandao wa simu waifunge hiyo laini. Na hao wakopeshaji waandikiwe barua na nakala ya RB, walifute deni kwenye taarifa zake za mikopo, lisije kumwandama benki. SMS za vitisho MSIFUTE. Namba za matapeli zinatumwa 15040.

*Shangazi Tatu, 19:20*
Kwangu zimekuja tatu. Mbili nazijua

*Hamisi Kibirizi, 19:21*
Shangazi Tatu laini tatu, wamekuheshimu 😂😂

*Mamdogo Zena, 19:26*
Mi namkumbuka yule kijana wa mwamvuli wa kusajili laini pale Mwanga sokoni. Kila nikiweka dole anasema halijasoma, rudia mama. Akanipangusa kidole kwa kanga yangu mwenyewe

*Hamisi Kibirizi, 19:28*
Na aliyekupeleka kwenye mwamvuli huo nani? Bakari yupo humu?

*Dada Mwaju, 19:28*
Hamisi usianze

*Hamisi Kibirizi, 19:29*
Sijaanza. Hata mashine ya mtumbwi ilipopotea tuliambiwa tusianze

*Bakari, 19:40*
Mimi pale nilikuwa nauza vocha tu. Na ya mashine tuliyamaliza kwenye arobaini ya babu

*Baba Mkubwa, 19:47*
NIMESOMA YOTE. SHEMEJI ZENA HAENDI KITUONI PEKE YAKE. BAKARI UTAMSINDIKIZA. YA MASHINE HAYAJAISHA, NITAYASEMA MWENYEWE.

*Bakari, 20:15*
Sawa baba mkubwa

*Dada Mwaju, 20:16*
Ahsante baba. Basi saa mbili asubuhi. Mamdogo beba kitambulisho.

*Mamdogo Zena, 20:31*
Kitambulisho kipo kwa mama wa kikoba Katubuka, nilimwachia dhamana

*Dada Mwaju, 20:31*
MAMDOGO 🤦🏾‍♀️ Kifuateni kabla ya kituoni. Nani anatoa nauli ya bajaji?

*Hamisi Kibirizi, 21:10*
Natuma buku tano. Ila kwa namba ipi, ya mamdogo au ya mamdogo wa mkopo?

*Dada Mwaju, 21:12*
Shangazi, hiyo laini ya tatu ni ya mtandao gani?

*Dada Mwaju, 21:40*
Shangazi??