Nimeagiza kompyuta ya kimya ya kurushia ndege, nimeletewa mashine ya kusaga

Wakuu, habari za wakati huu. Nina hasira na nitaandika kwa hasira, anayependa uzi wa adabu apite tu. Mods, naombeni msiuhamishie jukwaa la michezo. Hapa sizungumzii michezo, nazungumzia hela yangu.

Niko Tabora, Ng'ambo. Narusha ndege kwenye kompyuta, natumia X-Plane 12. Kwa wasiojua, hili siyo gemu la kupigana risasi. Unakaa, unawasha injini kwa utaratibu wake, unaondoka uwanja wa HTTB hapa Tabora, dakika arobaini na kitu kwa ndege ya abiria ya Dash 8 unaanza kushuka Kigoma, HTKA, Ziwa Tanganyika likiwa limetanda mbele ya pua. Ile Microsoft Flight Simulator ya 2024 niliikataa makusudi kwa sababu inavuta mandhari kwenye intaneti muda wote unaporuka, na kwa bando letu hili utajikuta umefilisika kabla hujavuka Urambo. X-Plane ukishapakua mandhari yako, unaruka hata bando likiwa limekata.

Muda wangu wa kuruka ni usiku, nikishafunga kazi. Nyumba yetu haina dari, kuta za vyumba hazijafika kwenye bati, kwa hiyo sauti ya chumba kimoja ni mali ya nyumba nzima. Mzee wangu ana presha na usingizi wake ni wa kubahatisha. Ndiyo maana sharti langu kwa muuzaji lilikuwa moja, nikalisema kwa simu na nikaliandika: kimya kwanza, mengine baadaye.

Orodha yangu ilikuwa hivi: Prosesa Ryzen 5 5600. Kadi ya picha GTX 1660 Super, mtumba sawa ila safi. Ramu GB 32. SSD peke yake, diski ya kuzunguka sitaki kuiona kwa sababu inavuma na kukwaruza. Hitisinki (kile chuma cha kupozea prosesa) ndefu ya wima yenye feni ya milimita 120. Kasha lenye uso wa wavu ili hewa ipite. Pawa sapulai ya wati 550 yenye daraja la 80 Plus Bronze, yaani cheti kwamba haipotezi umeme mwingi. Kila kitu kilikuwa na sababu yake na sababu nilimwandikia pembeni, ili asije akasema hakuelewa. Muuzaji yuko Dar, jina silitaji, sheria za jukwaa tunazijua. Akajibu "poa mkuu, imeisha hiyo". Hela nikatuma kwa simu, yote, milioni mbili na ushee.

Mzigo ukaja na basi. Nikachomeka, nikabonyeza. Mama akatoka jikoni kuuliza nani amewasha mashine ndani.

Tuanze na prosesa, maana hapo ndipo damu iliponichemka. Naingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, nasoma: Ryzen 5 5500. Nampigia jamaa. "Mkuu, si zote Ryzen 5? Tena hiyo yako ilikuwa GHz 3.5, hii GHz 3.6, nimekupandisha." Nimekupandisha! Mtu anakuondolea nusu ya kitu ulicholipia halafu anadai shukrani. 5600 ina kashe ya L3, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ya MB 32. 5500 ina MB 16. Kwenye kazi za ofisini hutaona kitu, lakini programu ya kurusha ndege haigawi mzigo sawasawa kwa viini vyote sita. Kuna mkondo mmoja mkuu unaobeba kazi nzito, na kwenye kila fremu, yaani kila picha inayochorwa, unapekua data ndogondogo chungu nzima: upepo, mawingu, ndege nyingine angani, saa na mishale ya rubani. Zikienea kwenye kashe, prosesa inazikuta mkononi. Zisipoenea inabidi iende kuzichota kwenye ramu, na wakati inasubiri huko, picha mbele yako inakwama. X-Plane yenyewe fremu zikishuka chini ya 20 kwa sekunde inapunguza hata mwendo wa muda, ndege inatua kwa kuburuzwa. Ndiyo sababu warushaji wanazililia prosesa za AMD za X3D, zilizoongezewa kashe. 5800X3D ya mwaka 2022 ina kashe ya MB 96 na mwenye nayo haiachii. Mimi sikuomba 96. Niliomba 32.

Kadi ya picha nayo ikaja RX 580. "Ile yako GB 6, hii GB 8, nimekuongezea mbili bure." Jamani. 1660 Super inakula wati 125. RX 580 inakula 185. Hizo wati 60 za nyongeza zote zinageuka joto ndani ya kasha, na joto halitoki kwa maombi, linatoka kwa feni. Kwa hiyo zawadi niliyopewa ni kelele.

Na siyo kadi ya mtu aliyekuwa anacheza gemu jioni. Niliigeuza chini ya taa: skrubu zote nne zinazoshika hitisinki vichwa vimeliwa na bisibisi, stika ya juu ya skrubu imetobolewa, pembeni ya bodi kuna utelezi wa mafuta uliovuja kutoka kwenye pedi za ramu na kunasa vumbi jeusi. Feni ya kulia ukiishika kwa kidole inacheza huku na huku kama... aah, basi. Inacheza. Kila anayefuatilia mambo haya anajua kuwa sarafu ya mtandaoni ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zinakesha kazini zilimwagwa sokoni dunia nzima, na RX 580 ilikuwa kipenzi cha wachimbaji. Kuuza kadi ya namna hiyo siyo dhambi. Dhambi ni kuiita "imetolewa boksi tu".

Kasha sasa. Niliomba wavu, nikaletewa kioo. Uso mzima kioo, na nyuma yake feni tatu za taa za rangi. Hewa inaingilia kwenye upenyo wa pembeni ambao hata kidole gumba hakipiti. Halafu waya za hizo feni zimechomekwa moja kwa moja kwenye pawa sapulai, hazipiti kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo hakuna mahali pa kuzipunguzia. Zinazunguka mwisho wa uwezo wao hata nikiwa naandika huu uzi. Wauzaji wetu wangejua jambo moja tu kuhusu feni: ukiipunguza mzunguko hadi nusu, kelele yake inashuka karibu desibeli 15. Hiyo ni tofauti ya kulala na kutolala. Mtu anayetaka kimya anatafuta feni kubwa inayokwenda polepole na inayotii mazabodi. Taa hazipozi kitu.

Ile hitisinki ndefu haikuja kabisa. Kuna kile kifeni kifupi kinachowekwa kwenye boksi la prosesa, kimeongezewa duara la taa. Nilipouliza akasema ile ndefu "ingegusa kioo". Unaona ubaya unavyozaana? Kasha baya ndilo limefukuza hitisinki nzuri.

Watu wa Dar naomba mnisikilize hapa, maana mmezoea kutuuzia vitu kama vile tunaishi ufukweni. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa sawa, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 13. Ongeza Oktoba, nyuzi 33 mchana, bati linawaka. Mrushaji yeyote anajua maana yake: uwanja wetu uko futi karibu 3,900, lakini siku ya joto la namna hiyo ndege inajiona iko futi karibu 7,000. Cessna 172 ukiijaza watu wanne na mafuta inakimbia inakimbia ndipo inyanyuke. Feni ya kompyuta inasukuma hewa hiyohiyo nyepesi, inapitisha joto kidogo kwa kila mzunguko, kwa hiyo inabidi izunguke zaidi. Na prosesa haiwezi kupoa chini ya joto la chumba; chumba kikianza na 33, kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo. Mashine inayovumilika dukani kwenye kiyoyozi, hapa inapiga yowe. Na vumbi letu bado sijaligusa.

Pawa sapulai nimeiacha mwisho kwa sababu hii siyo kelele tu, hii ingeweza kunichomea nyumba. Imeandikwa wati 650 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Daraja la 80 Plus halipo popote. Niliinyanyua kwa vidole viwili. Kwenye lebo ya pembeni, maandishi madogo, safu ya volti 12 imeandikwa ampea 18. Zidisheni wenyewe: 12 mara 18 ni wati 216. Na volti 12 ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya picha. Yaani kadi peke yake inaweza kuomba 185, prosesa nayo inataka yake, feni na taa zote hizo nazo zinataka zao, na kisanduku chenyewe kwa maandishi yake mwenyewe kinakiri hakifiki. Nilimulika kwa tochi ya simu kupitia matunduni: nafasi za vifaa zimeachwa tupu kwenye bodi, mashimo tu. Kifeni chake ni kidogo na kinalia kwa sauti nyembamba inayopanda kila ninapokaribia kutua, kwa sababu ndipo kadi inapofanya kazi zaidi. Umeme wa huku kwetu nao una vipindi vyake, unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Kisanduku kama hicho ndicho nikiamini?

Nimedai kurudisha. Jibu: "Mzigo ukishatoka dukani haurudi." Nikadai risiti ya EFD, nikaambiwa bei niliyolipa ni ya bila risiti. Wakati Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kuwa kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo. Maelezo ninayo, yameandikwa, na "poa mkuu" yake iko chini ya maelezo. Mazungumzo yote nimeyahifadhi na malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani, FCC. Anayedhani natania asubiri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kimya kwa urushaji ndege ni rahisi kukipata kuliko kwa gemu nyingine. Hatuhitaji fremu 144. Kwenye ndege ya abiria fremu 30 zisizoyumba zinatosha kabisa; unazifunga hapohapo, kadi inapumua, feni zinatulia. Prosesa ya wati 65, kadi ya wati 125, feni kubwa mbili za taratibu, kasha la wavu. Hakuna kitu cha ajabu humo wala cha bei ya kutisha. Hela ya vile vioo na taa ingenunua hitisinki ile na chenji ikabaki. Ila muuzaji akisikia "kurusha ndege" anasikia "gemu", akisikia "gemu" anawasha taa.

NYONGEZA, nawajibu mliochangia:

Mkuu uliyesema niweke hedifoni: hedifoni nitavaa mimi. Mzee naye nimvishe?

Uliyesema "si ndege nayo ina kelele, ndiyo uhalisia": nataka kusikia injini ya ndege, siyo ya pawa sapulai. Nikipunguza nguvu kabla ya kutua lazima niisikie ikishuka. Kwa sasa sisikii.

Uliyeshauri laptop: laptop ya gemu inapozwa na vifeni viwili vidogo vinavyokimbia sana. Rudi kasome aya ya kasha.

Uliyeshauri PlayStation: X-Plane 12 haipo huko. Asante kwa kupita.

Winga uliyekuja PM ukisema una "5600 orijino, ila njoo haraka": tuma picha ya juu ya prosesa yenyewe, maandishi yasomeke, na leo uandike tarehe kwenye karatasi pembeni yake. Ulinyamaza nilipokuambia hivyo, na bado uko mtandaoni nakuona.

NYONGEZA 2: Fundi mmoja wa hapa mjini amezichomoa zile feni tatu za taa, kioo cha mbele tumekitoa kabisa, kadi tumeipaka pesti mpya na nimeifunga fremu 30. Kelele imepungua ila feni ya kulia ya kadi bado inagonga, na ile pawa sapulai nimeizima ukutani, siiwashi tena. Kwa hiyo natafuta: pawa sapulai ya wati 550 yenye 80 Plus ya kweli, mpya au mtumba, lebo ya volti 12 ipigwe picha ionekane. Na feni mbili za milimita 140 za waya nne, nyeusi, zisizo na taa hata moja. Mwenye navyo Tabora, Nzega au Kigoma aseme bei hapahapa kwenye uzi, wote waone. PM sifungui.