Mjadala: Je, takwimu za Profesa Baldus zilitosha kumwokoa McCleskey?

Mdau wa Haki: Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilimkatalia Warren McCleskey, Mmarekani Mweusi aliyehukumiwa kifo jimboni Georgia kwa kumuua askari polisi Mzungu. Mawakili wake waliegemea utafiti wa David Baldus, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iowa, ambaye yeye na wenzake walipekua kesi za mauaji zaidi ya 2,000 na kuona kwamba rangi ya marehemu ilikuwa na uzito katika kuamua nani ahukumiwe kifo. Naona mahakama ilikosea: hakimu asiyejua hesabu hawezi kutenda haki.

Wakili Mkongwe: Ndugu, maneno yako ya mwisho yameniuma, kwa kuwa nimesimama mbele ya mahakimu miaka 26. Hakimu hahukumu jedwali. Humhukumu mtu aliye kizimbani, kwa ushahidi unaomhusu yeye.

Mwalimu wa Takwimu: Nami sikubali kazi ya miaka iitwe jedwali. Aliyemuua Mzungu alihukumiwa kifo mara 11 zaidi!

Binti Sheria: Mwalimu, shikamoo. Hiyo ni hesabu ghafi: asilimia 11 ya kesi ambazo marehemu alikuwa Mzungu, dhidi ya asilimia 1 alipokuwa Mweusi. Baldus hakuishia hapo. Chukua majalada mawili: ujambazi uleule, bastola ileile, mshtakiwa mwenye makosa yaleyale ya nyuma, tofauti ikiwa rangi ya marehemu tu. Alipozingatia mambo 39 yasiyohusu rangi, uwiano ulibaki mara 4.3, na hapo ndipo penye uzito.

Wakili Mkongwe: Hata Jaji Powell, aliyeandika uamuzi, aliuchukulia utafiti kuwa sahihi, alichodai ni uthibitisho kwamba McCleskey mwenyewe alibaguliwa kwa makusudi. Bado sijasikia mahakimu wakiombwa radhi.

Mdau wa Haki: Nawaomba radhi, Mzee wangu. Lakini uthibitisho huo angeupata wapi, ilhali mwendesha mashtaka hakulazimika kueleza kwa nini aliomba kifo katika kesi hii na si ile? Powell mwenyewe, baada ya kustaafu, alimwambia mwandishi wa wasifu wake kwamba kura hiyo angeibadilisha.

Wakili Mkongwe: Radhi nimeipokea. Ila Powell alihofia kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, adhabu nyingine zote nazo zingepingwa vivyo hivyo, na hofu hiyo mimi ninayo hadi leo.

Binti Sheria: Jaji Brennan, aliyepinga uamuzi, aliita hiyo hofu ya haki kupita kiasi. McCleskey aliuawa kwa kiti cha umeme Septemba 1991.