Kamati ya Kuonja

*Ijumaa, 5 Desemba*

Profesa: [Picha]

Profesa: Wajumbe, nipo Masaki. Vikombe sita juu ya ubao. Bia wanapika wenyewe hapahapa, ile mitungi ya chuma mnaiona nyuma ya kaunta.

Mnyalu: Hivyo ni vikombe vya bia au vya dawa ya kikohozi?

Profesa: Ni vya kuonjea. Unaanza na nyepesi, unapanda taratibu mpaka nyeusi.

Mnyalu: Bei?

Profesa: Usiulize bei, uliza ladha.

Mama Junior: Mimi nauliza bei.

Profesa: Elfu thelathini ubao mzima.

Mama Junior: Elfu thelathini. Haya. Na ile arobaini na tano ya mfuko wa kikundi tangu mwaka jana, yenyewe iko njiani inakuja?

Profesa: Mama Junior, tuko kwenye ladha.

Mangi: Hiyo ya nne ikoje?

Profesa: Chungu! Uchungu unakaa nyuma ya ulimi, unameza mate hauondoki. Kijana wa kaunta anasema ni hopsi, maua ya kuagiza nje. Wanaiita IPA.

Mangi: Sisi uchungu tunautoa kwenye gome la msesewa, mti uko nyuma ya nyumba. Haujapanda meli.

Profesa: Halafu kuna moja ya ngano, ya Kijerumani. Mangi, inanukia ndizi mbivu kabisa! Nikamwuliza kijana mmeweka ndizi ngapi, anasema hata moja. Eti ile hamira yenyewe ndiyo inatoa hiyo harufu.

Mangi: Yaani umelipa upewe harufu ya ndizi bila ndizi.

Mnyalu: 😂😂😂 Profesa umepigwa

Mangi: Kwetu Kibosho unapewa ndizi yenyewe, lita nzima, kwa bei ya kikombe chako kimoja hicho. Na chenji inabaki.

Profesa: Mbege, hiyo pombe yenu ya ndizi, ni nzuri, sikatai. Ila tusiseme ndiyo mwanzo na mwisho wa ndizi. Kwetu Bukoba lubisi, pombe yetu ya ndizi, haichemshwi. Ndizi zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, wanaume wanazikanyaga mpaka juisi itoke, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake watu wanaimba.

Mnyalu: Wanakanyaga kwa miguu?

Profesa: Iliyooshwa.

Mnyalu: Sisi Iringa hatupiki wala hatukanyagi. Mvua zikianza unakata ncha ya mlanzi mchanga, ule mwanzi wa pombe ya ulanzi, unafunga mbeta yako, kopo la mwanzi la kukingia, unaenda kulala. Asubuhi Mungu ameshajaza. Ukinywa mapema ni mtogwa, mtamu hata mtoto anapewa. Ukisubiri jioni, shauri yako.

Babu Saidi: Sisi wa Pangani mgema anapanda mnazi. Lakini mimi sinywi, nasoma tu.

Mangi: Babu shikamoo. Vipi ile Noah, ipo? Nataka kupanda nyumbani tarehe 22. Safari hii twende kikundi kizima, tuzunguke vilabu vinne vitano, tuonje kweli.

Babu Saidi: Marahaba. Gari lipo. Mafuta mnachanga kabla hatujafika Kibaha, si baada ya kurudi.

Mnyalu: Mimi Krismasi niko zamu. Si mtuletee tu huku Kimara? Lita ishirini, mwisho wa wiki tunakaa kwa Mama Junior.

Mama Junior: Mnyalu, hilo swali unaliuliza wewe? Dumu la mwaka jana umeshalisahau?

Mnyalu: Sikuwepo, nilisikia tu juujuu.

Mama Junior: Basi sikia. Tulikuwa kwenye basi, Profesa amebeba dumu la lita tano la mbege, ameliweka juu kwenye kibebeo cha mizigo. Huku juu Moshi hewa ya ubaridi, dumu limetulia. Tunashuka tambarare, Same, Hedaru, joto linapanda. Kufika karibu na Mombo nasikia PUU! Nikajua tairi. Kumbe dumu. Mbege na makapi yake yote kwenye sanduku la dada mmoja anakwenda harusini na kitenge cha kamati. Kitenge cha kamati, Mnyalu!

Mnyalu: Uwiii

Mama Junior: Dada analia, kondakta anafoka, basi zima linanuka klabu. Nikatoa elfu arobaini na tano kwenye mfuko wa kikundi tumlipe yaishe. Profesa akasema atarudisha Januari.

Profesa: Nilisema nitarudisha endapo itaonekana kosa ni langu.

Mama Junior: Dumu la nani?

Profesa: Dumu langu. Mbege ya Mangi. Ilipasuka yenyewe.

Mangi: Profesa, ukibeba mzigo ni wako bwana.

Profesa: Kumbe ndiyo mnavyoniona. Mwaka mzima nasimangwa kwa ajili ya dumu. Sawa.

_Profesa ametoka kwenye kikundi_

Mnyalu: Ametoka kweli?

Babu Saidi: Mmemfukuza mwenzenu kwa elfu arobaini na tano. Haya.

*Jumamosi, 6 Desemba*

_Mangi amemwongeza Mama Mkubwa Kibosho_

Mangi: Wajumbe, huyu ni dada yake mama. Ndiye mpishi wa mbege niliyowasimulia. Nimemwongeza ili tupange siku, maana mbege haingojwi, ndiyo inayokupangia.

Mama Junior: Shikamoo mama mkubwa 🙏

Mnyalu: Shikamoo mama

Babu Saidi: Salaam aleikum dada, habari za huko mlimani?

Mama Mkubwa Kibosho: Marahaba wanangu. Nzuri kaka. Mvua ipo

Mama Mkubwa Kibosho: [Sauti 4:12]

Mnyalu: Nani amesikiliza anipe kwa maandishi, bando limekata

Mama Junior: Niko kwenye mwendokasi, ngoja niandike. Anasema hivi: mkitaka kunywa tarehe 27, ndizi zinatakiwa ziwe zimeiva na kuchemshwa kabla ya tarehe 20. Ndizi mbivu hasa, zile zenye madoa meusi. Zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, kisha zinaachwa kwenye pipa zichachuke siku kama tano hadi saba. Baridi ikizidi zinachelewa. Hamira haiwekwi, inajileta. Zikishachachuka zinachujwa, yale maji yanaitwa nyalu.

Mnyalu: Yanaitwaje?

Mama Junior: Nyalu.

Mnyalu: Hapo sasa. Kumbe mnaninywa mimi miaka yote hii

Mama Junior: 😂 Tulia. Upande wa pili kuna ulezi. Unalowekwa, unaota, unaanikwa, unasagwa, hicho ndicho kimea. Ulezi anaununua sokoni, anasema ndio unaomla hela, huko juu hauoti vizuri. Unga unapikwa uji pamoja na gome la msesewa. Uji huo ndio mso. Ukishapoa unachanganywa na nyalu jioni, unalala, asubuhi inanyweka.

Mama Junior: Na anasema tofauti ya klabu na klabu iko hapo kwenye mso. Mwenye tamaa anapunguza ulezi, mbege inakuwa maji ya ndizi. Mwingine anazidisha msesewa ili ionekane kali, kumbe ni chungu tu, hailevyi. Ukinywa, acha punje za ulezi zikae ulimini kwanza kabla hujameza, hapo ndipo utajua umeuziwa nini.

Mangi: Ndiyo maana nasema tuzunguke. Ya Kibosho, ya Uru, ya Old Moshi, siku moja, ulimi mmoja.

Mama Junior: Ya Machame je?

Mangi: Ya Machame tutaionja tukiwa na mashahidi.

Mama Junior: Nimekusikia. Nitakukumbusha.

Mama Mkubwa Kibosho: Yule mgeni mrefu wa mwaka jana anakuja? Mhaya. Alikula kisusio, supu yetu ya damu ya mbuzi, bakuli mbili

Mangi: Mama mkubwa, yule ametoka kwenye kikundi. Kuna ugomvi mdogo wa lile dumu. Lilipasuka kwenye basi.

Mama Mkubwa Kibosho: [Sauti 0:58]

Mnyalu: Bando bado 😭

Babu Saidi: Hii naandika mimi. Anasema mbege haikazwi kizibo. Ile bado inafanya kazi, inatoa hewa, ukiifungia itatafuta njia. Mdomo wa dumu unazibwa kwa jani la mgomba tu, ipumue. Na hata hivyo siku ya pili inakuwa kali, ya tatu imeshageuka siki, kwa hiyo kuipeleka Dar ni kujisumbua. Kisha anasema, nami naandika kama alivyotamka: "Yule mgeni mimi nilimfungia kwa jani. Aliyekuja nyuma na kukaza kizibo kwa meno ni wewe mwanangu, nikakuona, nikadhani unajua unachofanya."

Mnyalu: 👀

Mama Junior: Mangi.

Mama Junior: Mangi uko wapi? Naona umesoma.

Mangi: Nipo.

Mangi: Ni kweli nilikaza. Niliogopa isimwagike ndani ya basi.

Mnyalu: Ikamwagika kwa heshima zote

Mama Junior: Mwaka mzima nimemdai mtu asiye na deni, na wewe unaangalia? Jana tu umemwambia mzigo ni wake!

Mangi: Nilikuwa sijaunganisha mambo. Wallahi nilidhani ni joto.

Babu Saidi: Usiape kwa dini ya watu.

Mama Mkubwa Kibosho: Mpelekee isale

Mnyalu: Isale ndiyo nini?

Mangi: Ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la nyumbani. Mchaga akikukosea akaja na isale mkononi na mbege, huruhusiwi kukataa kumsikiliza. Hata kesi kubwa zinaishia hapo.

Mama Junior: Basi kata jani uende. Anakaa mtaa wa pili tu.

Mangi: Kimara nitatoa wapi isale?

Babu Saidi: Uani kwangu lipo, lilipandwa na aliyeniuzia kiwanja. Mimi nilidhani ni ua. Njoo na kisu.

Mangi: Na mbege?

Mama Mkubwa Kibosho: Mbege ataikuta huku

*Jumapili, 7 Desemba*

Mama Junior: Mfuko wa kikundi: 45,000 kutoka kwa Mangi, imeingia saa 2 asubuhi. Asante.

Babu Saidi: [Picha]

Mnyalu: Huyo si Mangi mlangoni kwa Profesa? Mbona ameshika na chupa?

Babu Saidi: Amepita Masaki jana usiku, akamnunulia ile chungu. Anasema msesewa hakupata, ameleta cha kufanana nacho.

_Mama Junior amemwongeza Profesa_

Profesa: Nimerudi. Jani limepokelewa. Mama Junior, ile kauli yako kuhusu Januari naisubiri uifute.

Mama Junior: Nimeifuta. Lakini kisusio bakuli mbili, mama mkubwa ametuambia.

Profesa: Zilikuwa bakuli ndogo.

*Jumamosi, 27 Desemba*

Mangi: Mnyalu, uko zamu? Angalia picha uumie.

Mangi: [Picha]

Mnyalu: Hiyo kata kubwa hivyo ni ya mtu mmoja??

Mangi: Inazunguka. Anaanza mama mkubwa, anapiga funda moja mbele yetu tuone hajatia kitu, ndipo anampa mkubwa wa umri. Babu Saidi amepewa kwanza kwa heshima, akagusa tu kwa mkono akaipitisha kwa Profesa. Babu ana soda yake na supu ya mbuzi.

Profesa: Ripoti ya mjumbe. Klabu ya kwanza, Uru: nyepesi, tamu, ulezi wameuonea huruma, unautafuta kwa tochi. Ya pili, njia ya Old Moshi: imelala, ya jana hiyo, inakata kama ndimu. Wazee wameipenda. Mimi nimemaliza kwa adabu tu. Ya tatu, siisemi, Mama Junior yuko hapa.

Mama Junior: Ilikuwa ya Machame na alirudia mara tatu.

Profesa: Nilikuwa nahakikisha.

Profesa: Hii ya mama mkubwa ni jambo lingine. Utamu unakuja mbele, katikati unatafuna ulezi kama uji wa nyumbani, halafu mwishoni kabisa, ukishadhani yamekwisha, msesewa unakugonga. Uchungu uleule wa Masaki. Ila huu una mwenyewe, ameketi mbele yangu anachambua maharage.

Mnyalu: Mmeniumiza. Januari mvua zikikolea nawapeleka Iringa, mniulize kuhusu mbeta.

Mama Junior: Weka kwenye kalenda. Mchango unaanza leo.

Mama Mkubwa Kibosho: Huyu mrefu ameomba lita tano za kuondoka nazo

Babu Saidi: Dumu haliingii kwenye gari langu.

Profesa: Na jani la mgomba mdomoni, Babu. Linapumua.

Babu Saidi: Litapumulia Kibosho.