Kutafsiri soneti ya Sor Juana kuhusu picha yake: "este" na mizani ya mwisho

KalamuMbili: Wakuu, natafsiri soneti (shairi la mishororo 14) ya Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa wa Meksiko, ile ya "Este que ves, engaño colorido", yaani udanganyifu wa rangi unaouona (Madrid, 1689). "Este", neno la kuonesha kitu kama "hiki" au "hii", nimeiandika "picha hii uionayo", ila shairi limepoa. Halafu mshororo wa mwisho, "es cadáver, es polvo, es sombra, es nada", nahesabu mizani 13 badala ya 11. Nakosea wapi?

Mizani8: Kihispania huunganisha irabu inayofunga neno na ile inayofungua neno linalofuata, hata koma ikiwa katikati. "Polvo, es" hutoa "vo-es", mizani moja. "Sombra, es" vilevile. Toa 2, zinabaki 11. Kwa Kiswahili usijilazimishe 11, maana mshororo huo unaingia wenyewe kwenye 8 kwa 8: "ni maiti na ni vumbi, ni kivuli ni utupu". Usimalizie na "si kitu". Kuanzia mshororo wa 9 hadi wa 14 "es" ("ni") imepigwa mara 9, na pigo la mwisho lisipokuwa "ni" ngoma inakatika.

Ngeli_na_Vina: Kilichokupoza ni hiyo "picha". Ndani ya mishororo 14 hakuna neno hilo; liko kwenye kichwa cha shairi tu. Msomaji anaoneshwa kitu kisichotajwa jina, na "hii uionayo" inakifichua kwa ngeli. Andika "hiki ukionacho".

"Silogismos de colores" nayo isiwe "rangi za uongo". Hiyo ni lugha ya mantiki: shavu jekundu, jicho linang'aa, basi huyu hazeeki. Mchoraji anajenga hoja kwa brashi. "Hoja batili za rangi" inatosha. Na usiweke nukta kabla ya mshororo wa 9, kwani kitenzi kikuu kinaanzia hapo. Ukikata mapema, zile "ni" zinakosa mzigo wa kuangusha.

KalamuMbili: Asanteni sana. Huo mwisho si wa Góngora, yule mshairi wa Hispania?

Ngeli_na_Vina: Ndiyo, soneti ya 1582: "en tierra, en humo, en polvo, en sombra, en nada", yaani kuwa udongo, moshi, vumbi, kivuli, utupu. Pale msichana anahimizwa afaidi ujana kabla haujapita. Sor Juana hamhimizi mtu. Anaihukumu sifa iliyochorwa usoni pake mwenyewe, na hapo ndipo anapompita. Ukiweka picha kando ya tafsiri, ile ya mchoraji Miguel Cabrera usiite ndiyo inayosemwa: ni ya 1750, miaka 55 baada ya kifo chake.